KUZIMA NAKO KUNA UFUNDI: MAONI KUHUSU MAABARA YA KOMPYUTA

Mwaka huu mada za nidhamu na mapenzi ya shuleni nimewaachia wenzangu, maana wameziandika hadi zimechakaa. Mimi nina neno kuhusu chumba kile chenye mapazia mazito ambacho tunaingia mara mbili kwa juma tukiwa tumevua viatu.

Ukutani mle maabarani pamebandikwa amri mbili. Usiwashe mashine bila ruhusa. Usiing'oe plagi mashine ikiwa kazini. Amri nzuri, sizipingi hata kidogo. Ninalolipinga ni kwamba tunazitii bila kujua sababu yake, kisha darasani tunakariri kazi za mfumo wa uendeshaji kama kasuku na kuzimwaga kwenye karatasi ya mtihani. Hebu mwulize mwanafunzi wa Kompyuta nini hasa hutendeka tangu abonyeze kitufe hadi aulizwe nywila. Atakutazama kana kwamba umemwuliza habari za mwezini. Na si kosa lake! Hajawahi kuonyeshwa.

Tatizo lenyewe ni hili. Kiini cha mfumo wa uendeshaji, yaani kerneli, hukaa mahali ambapo programu nyingine haziruhusiwi kufika. Yeye ndiye mwenye funguo za kumbukumbu, diski na saa ya prosesa. Programu ya kuandikia barua ikitaka kusoma faili, sharti imwombe. Programu hizo zote husemwa ziko upande wa mtumiaji, nje ya ua. Programu moja ikianguka, nyingine huendelea. Kerneli ikianguka, jamani, nyumba nzima imelala. Kwa hiyo mwalimu anayekataa tuichezee kerneli ya mashine ya shule ana haki yake, kwani mashine ni chache na fundi hulipwa.

Lakini kumbe njia ipo, tena ya miaka mingi! Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi wa miaka 21 kule Helsinki, Ufini, ni kerneli ambayo kila mtu anaruhusiwa kuisoma na kuibadilisha. Mwaka 1999 Mmarekani Jeff Dike alianza kuigeuza ili iendeshwe kama programu ya kawaida, upande wa mtumiaji, juu ya Linux nyingine. Kazi yake, User Mode Linux, iliingizwa katika Linux yenyewe mwaka 2002, na imo hadi leo. Ukijenga kerneli kwa kuiambia kwamba aina ya mashine ni «um», unapata faili moja tu inayoitwa «linux». Unaiita kwa jina lake kama unavyoita programu yoyote, unaitajia faili itakayokuwa diski yake na kiasi cha kumbukumbu, megabaiti 128 kwa mfano, basi. Huhitaji hata kuwa msimamizi mkuu wa mashine.

Hapo ndipo utamu ulipo. Kerneli hii mgeni haigusi chuma wala waya. Kumbukumbu yake ni faili ya kerneli mwenyeji. Diski yake ni faili. Saa yake ni ishara ambazo mwenyeji humtumia. Programu ya ndani ikigusa ukurasa wa kumbukumbu ambao haujawekwa, mwenyeji hutoa ishara ileile ambayo kwa kawaida huua programu mbovu, na mgeni huipokea kama kerneli halisi inavyopokea taarifa kutoka kwa prosesa. Kila ombi la programu za ndani hukamatwa njiani kabla halijamfikia mwenyeji. Ni mpangaji ambaye chumbani mwake ni mfalme, lakini nje ya mlango ni mpangaji tu.

Unapoiwasha, mistari huanza kuteremka kwenye skrini. Inajitaja toleo lake, inahesabu kumbukumbu, inaamsha viendeshi, inatafuta diski yenye mzizi wa mafaili. Ikiikosa, hupiga kelele kwamba imeshindwa kuutundika mzizi, kisha hukata tamaa. Katika mashine halisi hapo ungekuwa umekwama. Hapa programu imekufa tu, umerudi ulikokuwa, unasahihisha jina la faili na kujaribu tena. Ikiipata, huanzisha mchakato nambari 1, ambao nao huanzisha mingine yote, na mwishowe unaulizwa jina na nywila. Mambo haya mwanafunzi akiyaona kwa macho yake mara tano, hana haja ya kuyakariri.

Mimi hata hivyo naona funzo kubwa liko kwenye kuzima. Sisi Waswahili tulichukua maneno «kuwasha» na «kuzima» kwenye moto na taa, na huenda ndiyo maana tunadhani kompyuta huzimwa kama koroboi, puu! umemaliza. Sivyo. Mchakato nambari 1 kwanza huzituma programu zote ishara ya kuzitaka zikamilishe shughuli zao. Huzisubiri kidogo. Zilizo vichwa ngumu huuawa. Kisha yaliyobaki kumbukumbuni huandikwa diskini, mafaili hutunduliwa, na hapo ndipo kerneli husimama. Kwenye User Mode Linux mwisho huo ni mwepisi ajabu: programu inatoka, kumbukumbu inarudi kwa mwenyeji, nawe unaona alama ya kuandikia amri kama vile hapakuwa na mfumo mzima uliokuwa ukiishi pale.

Tena kuna kidude cha kuiamrisha kutoka nje. Amri yake moja, «cad», ni sawa na kubonyeza vile vitufe vitatu maarufu, na kwa kawaida huleta mwisho wa heshima. Nyingine, «halt», huisimamisha papo hapo bila kuhifadhi chochote. Hebu fikirieni jaribio hili: andika sentensi kwenye faili ya ndani, ihifadhi, na mara hiyohiyo toa «halt». Washa upya. Huenda sentensi haipo! Kwa sababu Linux haipeleki kila neno diskini palepale. Linaweza kukaa kumbukumbuni nusu dakika hivi. Rudia, lakini safari hii toa kwanza amri ya «sync». Utalikuta neno lako limetulia.

Wenzangu wa KCSE mnajua ninakoelekea. Ni nani asiyemfahamu mtahiniwa aliyepoteza kazi ya mradi stima ilipokatika, akaambiwa tu «ulipaswa kuhifadhi», ilhali anaapa kwamba alihifadhi? Pengine alisema kweli. Programu ilipokea amri yake, lakini diski ilikuwa bado haijaandikwa. Mwanafunzi aliyelifanya jaribio lile hangemlaumu mwenzake upesi.

Kuna wanaosema tutumie programu zinazoigiza kompyuta nzima, zile za dirisha ndani ya dirisha. Sikatai, ila hudai kumbukumbu nyingi, na mashine zetu kuukuu zinahema hata na kazi ndogo. Pia huficha mambo. Kwenye User Mode Linux unaiona kerneli katika orodha ya programu zinazoendeshwa, ina nambari yake kama wengine, na unaweza kuisimamisha katikati ya hatua na kuikagua kwa programu ya kutafuta makosa. Ni kweli hujikokota, kwa sababu ya yale maombi yanayokamatwa njiani, na kazi kubwa za biashara zilihamia kwenye njia nyingine zamani. Sisi hatuna biashara. Na wajenzi wa Linux wenyewe hawajaitupa: zana yao ya majaribio, KUnit, iliyoingia katika toleo 5.5 la mwaka 2020, kwa kawaida huendesha majaribio yake juu ya hiyohiyo User Mode Linux. (Wapo pia wa NetBSD, ambako Antti Kantee alianza mwaka 2007 kuvitoa vipande vya kerneli na kuviendesha peke yake upande wa mtumiaji, lakini hayo tuwaachie wa chuo kikuu.)

Kuhusu gharama, programu yenyewe ni bure. Faili moja ya diski yatosha darasa zima, kwa kuwa kila mwanafunzi huweza kuwa na faili yake ndogo ya kuandikia mabadiliko yake tu, na ile faili mama ikabaki bila kuguswa. Mwenye kuharibu ameharibu yake. Anaifuta na kuanza upya kabla kengele haijalia.

Ombi langu kwa mwalimu wa maabara ni mashine tatu tu, zile za nyuma ambazo hazina mwenyewe, ziwekwe Linux muhula ujao. Amri mbili za ukutani zibaki palepale. Chini yake ibandikwe karatasi ya tatu, yenye jaribio lile la «halt» na «sync», na kila wa Kidato cha Tatu alifanye kabla hajaanza mradi wake.