Gofri za muhogo na ndizi: chakula cha asubuhi pasipo ngano



Mama mmoja wa kikundi chetu ametuletea ulizo. Mtoto wake wa miaka saba akila mkate au mandazi, tumbo linavimba na anaharisha. Kwa hiyo kila asubuhi ndugu zake wanakula mandazi na chai, naye anapewa kiazi cha jana, anakaa pembeni na sahani yake. Mama anauliza: "Nimpike nini ambacho yeye anaweza kula, na wengine pia watakipenda?"

Sisi walimu tunajua uzito wa ulizo hilo. Mtoto aliyekuja shuleni na tumbo tupu, kufika saa nne hasikii tena somo. Na mtoto anayekula peke yake kila siku anaanza kufikiri kwamba yeye ni mzigo. Leo tutafundishana gofri ambazo nyumba nzima inaweza kula: unga wa muhogo, mchele, soya, mayai na ndizi mbivu.

Kwanza tuelewe ngano inafanya nini. Ndani ya ngano kuna protini inayoitwa gluteni. Ndiyo inayofanya donge la mkate livutike kama mpira na kushika hewa. Imo pia katika shairi na katika nafaka ya Ulaya inayoitwa seigle kwa Kifaransa. Watu wengi wanaila bila shida. Lakini kuna ugonjwa unaoitwa seliaki: gluteni ikifika kwenye utumbo, kinga ya mwili inaushambulia utumbo wenyewe. Mtoto anaharisha muda mrefu, tumbo linavimba, hakui vizuri, damu inapungua, anachoka bure. Ugonjwa huu haupiti baada ya mwezi mmoja. Ni wa maisha yote, na dawa yake ni kuacha gluteni kabisa.

Aliyefungua macho ya watu juu ya jambo hili ni Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi. Wakati wa njaa kali ya 1944 na 1945 mkate ulikosekana kule. Watoto wenye ugonjwa huu walipata nafuu, na mkate uliporudi ugonjwa nao ukarudi. Mwaka 1950 aliandika kitabu cha masomo yake juu ya jambo hilo.

Lakini wamama, tusikimbilie kusema "ni ngano." Hapa kwetu, mtoto anayeharisha mara nyingi ana minyoo, amiba, au amekunywa maji machafu. Mpeleke kwanza kwenye kituo cha afya. Na kama mganga anafikiria seliaki, kuna kipimo cha damu. Si kila kituo kinacho, unaweza kutumwa hospitali kubwa. Shika neno hili: usimkatize mtoto mkate kabla ya kipimo hicho. Akiwa ameacha ngano kwa majuma mengi, damu inaweza kuonyesha kwamba hana kitu, kumbe anaumwa. Mwambie mganga wazi anachokula na kinachofuata baada ya kula.

Sasa twende jikoni. Ngano nyingi tunayoila inatoka nje ya inchi, lakini muhogo, mahindi, mtama, mchele na soya vinalimwa kwetu, na vyote havina gluteni. Kwa hiyo chakula hiki si cha wagonjwa tu.

Neno moja juu ya muhogo. Muhogo mchungu una sumu, na watu waliokula kwa muda mrefu muhogo ambao haukutayarishwa vizuri wamepata konzo, ugonjwa unaolemaza miguu kwa ghafula. Uliandikwa na waganga tangu mwaka 1938 huko Kwango, hapa inchini mwetu. Muhogo wa unga umenywe, ulowekwe siku tatu mpaka ulainike, halafu ukauke vizuri juani ndipo usagwe. Kama unanunua unga sokoni, nunua kwa mama unayejua kazi yake.

Na soya pia haitumiwi mbichi, kwa sababu inazuia tumbo kutumia protini yake. Ichague, ioshe, ikaushe, ikaange polepole mpaka inukie na kuwa rangi ya kahawia nyepesi, ndipo usage.

VITU VINAVYOHITAJIKA (gofri 8 hadi 10, kufuatana na ukubwa wa chuma chako; tumia kikombe kimoja cha chai kupimia vyote)

– unga wa muhogo, kikombe 1
– unga wa mchele, kikombe 1 (kama hauna, tia unga wa mahindi uliosagwa laini)
– unga wa soya iliyokaangwa, nusu kikombe
– mayai 3
– ndizi mbivu sana 3
– maziwa au maji, kikombe 1 na nusu
– mafuta, vijiko 4 vya supu. Viwili vikiwa vya mawese, gofri zinapata rangi nzuri na mtoto anapata vitamini A
– levire ya keki, ile ya unga, vijiko 2 vya chai
– sukari, vijiko 2 vya supu. Ndizi zikiwa tamu sana, acha
– chumvi, nusu kijiko cha chai

NAMNA YA KUTENGENEZA

1. Jioni, chekecha unga wa aina zote tatu pamoja na chumvi na sukari. Funika. Asubuhi kazi itakuwa nusu.

2. Asubuhi, washa mbabula. Ponda ndizi kwa uma mpaka zilainike. Tenga ute wa mayai na viini. Changanya viini, ndizi, mafuta na maziwa.

3. Mimina hayo ndani ya unga kidogo kidogo, ukikoroga ili usipate madonge. Acha dakika 15. Usiruke hatua hii: unga wa mchele na wa mahindi unakunywa maji polepole, na usipopumzika gofri zinakuwa kama mchanga mdomoni.

4. Piga ute wa mayai mpaka uwe povu jeupe. Tia levire ndani ya unga, halafu ingiza povu kwa kijiko, polepole, bila kulivunja. Hapa hatuna gluteni ya kushika hewa, basi ni mayai yanayofanya kazi hiyo. Unga uwe kama uji mzito unaoanguka polepole kwenye kijiko. Ukiwa mzito sana, ongeza maziwa kidogo.

5. Pasha chuma cha gofri pande zote mbili. Dondosha tone la maji: likirukaruka, chuma kiko tayari. Paka mafuta kila mara kabla ya kumimina, maana unga huu unapenda kushika.

6. Mimina, funga, acha dakika tatu, geuza, dakika tatu tena. Mvuke ndio saa yako: ukiwa bado unatoka kwa wingi, usifungue, gofri itapasuka vipande viwili. Ukipungua, chuma kinafunguka bila kulazimishwa.

Kama hauna chuma cha gofri, usiache. Mimina unga huohuo kwenye kikaangio kizito, ufunike, moto mdogo, ugeuze mara moja. Umbo litakuwa la krepu nene, chakula ni kilekile.

Matunda mengine usiyatie ndani ya unga. Nanasi, papai na embe vina maji mengi, vinafanya gofri ibaki mbichi katikati. Yakate vipande vidogo uyaweke juu. Nanasi lenye uchungu lipike dakika chache kwenye sufuria na sukari kidogo. Linatoa mchuzi wake lenyewe. Maracuja ikamue juu wakati wa kula. Gofri zikipoa zinakuwa ngumu, basi zirudishe kwenye chuma dakika moja.

Kwa nyumba yenye mtoto mwenye seliaki kweli, kuna mitego mitatu. Wa kwanza ni chuma chenyewe: kikiwa kimepika gofri za ngano, kisugue vizuri kwa maji ya moto na sabuni, au pika zake kwanza kwenye chuma ambacho hakiguswi na ngano. Mafuta yaliyokaanga mandazi ya ngano nayo usiyatumie kwake. Wa pili ni mashine ya kusaga: uliza kama ngano imepita pale kabla yako. Wa tatu ni unga wa uji wa paketi. Mwingine unachanganywa na ngano. Soma maandishi ya paketi. Ukiona blé, orge, seigle au malt, rudisha kwenye butiki.

Kwa vikundi vyetu nina shauri moja. Chuma cha gofri ni kitu cha bei kwa mama mmoja, lakini kwa wamama kumi wa likelemba si mzigo. Kikundi kinunue kimoja, kizunguke kwa zamu, kila nyumba siku yake. Na mama anayeuza mandazi mbele ya shule ajaribu kutia gofri hizi kando ya sinia lake. Ila aseme ukweli kwa wanunuzi: kama zimepikwa kwenye chuma kimoja na ngano, asiziite chakula cha wenye seliaki.

Kazi ya nyumbani ya wiki hii, kama kawaida yetu. Jaribu mara moja, siku ya mapumziko, wakati hakuna anayekimbilia kazi. Mpe kila mtoto kazi yake: mmoja aponde ndizi, mwingine apige povu, mkubwa alinde mbabula. Weka sahani moja kubwa katikati ya meza, wote wachukue mule mule. Andika umetumia unga gani na umeongeza maziwa kiasi gani, tuje kulinganisha katika mkutano. Aliyepata shida, alete chakula chake hivyo hivyo, tutaangalia pamoja pa kurekebisha.

Asubuhi njema kwa nyumba zenu.

Mwalimu wenu