Kabla ya kuomba makuta, angalia kifuniko cha tanki

Ndugu wachimbaji, mama zetu munaouza chakula kwenye machimbo, na ninyi wamotari munaotubeba kila siku: tunaomba leo tuongee juu ya sashe.

Simama asubuhi moja kwenye parking ya Rubaya, ao kule Mubi, na uangalie pikipiki zenye kusubiri wateja. Usiangalie taa wala mipira. Angalia pale esanse inapoingilia. Moja iko na bushoni yake ya kufunga na ufunguo, ni ile mupya. Ya pili imefungwa na sashe na kipande cha kawucu. Ya tatu wameingiza kitambaa, tena kitambaa cha shati ya zamani. Na juu ya ile tanki anakaa motari, nyuma yake watu wawili, katikati mtoto, na pengine bidon ya lita 20 pembeni. Huku kwetu tuko na neno moja kwa vitu viwili: moto ni pikipiki, na moto ni moto. Tunacheka, lakini si mchezo.

Tulipoleta hii neno kwenye kikao cha kamati, mwenzetu mmoja alikasirika. Alisema: bei ya coltan inashuka, watu wanafia ndani ya mashimo, na ninyi munaleta maneno ya bushoni? Tunamuelewa. Lakini mchimbaji hafii ndani ya shimo peke yake. Anaenda kazini juu ya pikipiki, anarudi juu ya pikipiki, na mgonjwa wake anapelekwa hospitali juu ya pikipiki.

Tueleze kidogo, kwa sababu wengi wanafikiri esanse inawaka tu kama umeigusisha kiberiti. Hapana. Kinachowaka ni mvuke wake. Mazutu inahitaji joto ya zaidi ya digri 50 ili itoe mvuke wa kutosha kushika moto. Esanse inatoa ule mvuke hata kwenye baridi kali ya kupita barafu. Kwa hiyo baridi ya milima ya Masisi haitulindi. Tena ule mvuke ni mzito kuliko hewa, haupandi, unashuka. Wewe mwenye pompi ya maji kwenye mdomo wa shimo, pompi yenye tanki wazi, fikiri vizuri unashuka kwenda wapi. Unashuka kwa wenzako walio chini. Na huyu hapa pembeni anawasha sigara.

Kitambaa ni kibaya kuliko sashe. Kinanyonya esanse taratibu, kinakuwa sawa na utambi wa taa. Pikipiki ikianguka kwenye matope, na huku kuanguka ni kazi ya kila siku, esanse inamwagikia injini yenye moto na miguu ya watu. Mwenzetu mmoja wa chimbo aliungua namna hiyo, kuanzia goti mpaka kidole, na pikipiki ilikuwa inaenda pole pole. Alikaa miezi bila kushuka shimoni. Watoto wake walikula kwa mchango wetu.

Wengine wanasema sashe inatosha kama umefunga sana. Nayo hapana. Bushoni ya kweli iko na kitundu kidogo cha kupitisha hewa. Ukifunga na sashe mpaka hewa isipite, esanse inakataa kushuka, injini inakufa katikati ya mlima. Ukiilegeza, mvua ya Walikale inaingia. Maji yanakaa chini ya esanse, yanafika ya kwanza kwenye kabireta, na motari anasukuma mpaka Njingala akifikiri wauzaji wa njiani, hawa tunaowaita Kadhafi, wamemwibia. Pengine hawakumwibia.

Kwa nini bushoni zinapotea? Wezi wa usiku wanavunja bushoni ili wanyonye esanse. Ufunguo unapotea, na motari hana njia ya kufungua isipokuwa kuvunja. Pikipiki nyingi tena si za wale wanaoziendesha: mwenye pikipiki anasubiri makuta yake kila juma, na bushoni anasema ni deni ya motari. Motari anasema ni deni ya mwenye pikipiki. Kati ya wale wawili, sashe inabakia. Sisi tunasema wazi: ni deni ya mwenye mali. Wewe uliyenunua pikipiki, nunua na kifuniko chake.

Sasa tufike kwa wakaguzi. Sheria ya barabara ya inchi yetu ni ya tarehe 30 Agosti 1978, na inataka kila chombo cha barabarani kiwe katika hali nzuri. Kontroli tekniki iko, karatasi yake iko. Lakini tangu tuanze kupita hizi njia, Sake, Mushaki, Masisi, Nyabiondo mpaka Walikale, hatujaona mtu kwenye bariere akiinama kuangalia tanki. Wenye kushika bariere wanabadilika, swali halibadiliki: "Uko na kitu?" Ukiwa na kitu unapita, hata kama tanki iko wazi kama sufuria. Ukikosa kitu unabaki, hata kama pikipiki ilitoka kwenye karto jana.

Huko Uingereza watu wengine wananunua gari vipande vipande na kuijenga wenyewe nyumbani. Kabla haijaingia barabarani, inapita kwa mkaguzi, na mkaguzi anaangalia mpaka kifuniko cha tanki. Mashariti ya Ulaya ni mepesi hata kwa mtoto kuelewa: kifuniko kifungwe na kamba ao mnyororo ili kisipotee, ao kitumie ufunguo uleule wa kuwashia gari, na ufunguo usitoke mpaka kifuniko kiwe kimefungwa. Hivi, ukisahau kifuniko hauwezi kuondoka. Sisi nasi tunajenga vyombo vyetu: pikipiki zinaungwa upya na vipande vya tatu zilizokufa, Fuso zinaongezewa tanki ya pili ya kuchomelea. Hatusemi tuletewe mashini za Ulaya. Kamba ni kamba, hata Masisi iko. (Tchukudu haina tanki. Ni chombo pekee ambacho hatukileti kwenye hii barua.)

Kuna wasomaji watakaosema: munaomba kontroli? Munawapa wale watu sababu mupya ya kutunyang'anya! Hilo lilituzuia siku nyingi kuandika. Njo maana tunaomba hivi: malipo ya kukosa bushoni iwe bushoni. Pikipiki isimame mpaka ifungwe kifuniko, kisha iende, bila karatasi na bila makuta kupita mkononi mwa mtu. Kwa kadiri tunavyonunua sisi, bushoni ya kawaida ni bei ya lita chache za esanse, na wauzaji wa vipande wanaweza kuziweka karibu na parking. Mkaguzi atakayeomba faranga juu ya hapo, tujue kwamba hakuja kwa sababu ya moto.

Wazee watakumbuka Goma, mwezi wa kwanza wa 2002, wakati lava ya Nyiragongo ilikuwa ingali na joto: watu waliingia stasio ya esanse kuchota, ikalipuka, makumi wakafa. Watakumbuka Sange, Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010: lori ya mafuta ilipinduka, zaidi ya watu 230 walikufa. Pale haikuwa neno la bushoni, tusidanganyane. Lakini esanse ni ileile, na mvuke ni uleule.

Bariere hatuishiki sisi. Mashimo tunayashika. Kwenye chimbo tulizoea kufunga gunia za madini na etiketi, mtu akiikata ilikuwa kesi. Tunajua basi kufunga kitu na kukichunga. Kuanzia juma hili, katika kamati zetu, pompi yenye tanki wazi haisimami kwenye mdomo wa shimo. Iondolewe hatua za kutosha, upande ambao udongo unashuka mbali na shimo, mpaka mwenye pompi alete kifuniko. Wamama wanaopika wasogeze mbabula zao upande mwingine. Na kila parking ichague motari mmoja wa kuhesabu sashe na vitambaa kila siku ya kwanza ya juma, atuletee hesabu kwenye kikao. Tutaichapisha hapa, parking kwa parking, na majina ya wenye pikipiki watakaokataa tutayasoma kwenye kikao mbele ya wote.