Happy Gilmore Amehamia Ndani ya Ua

Nilicheka. Naanza na hilo nisije nikaonekana mtu anayechukia furaha za wenzake. Nilicheka mara tano au sita, na mara moja nililazimika kusimamisha filamu nipate pumzi. Ndiyo maana hasira yangu ni kubwa.

Happy Gilmore 2 ilitoka Netflix Julai 2025, miaka 29 baada ya ile ya kwanza. Ile ya kwanza niliitazama katika kibanda cha video hapa Nairobi, kwa kanda iliyochakaa hadi rangi ya nyasi imekuwa ya samawati, nikiwa nimebanwa kwenye benchi kando ya mjomba wangu. Mjomba alikuwa kedi. Kazi yake ilikuwa kubeba mifuko ya fimbo za wachezaji gofu, kutafuta mipira vichakani, na kunyamaza. Aliujua kila mteremko wa uwanja ule kuliko wenye uwanja, lakini lango la wanachama hakulipita hata siku moja. Makedi walikuwa na kijilango chao upande wa jikoni.

Kwa hiyo filamu ile haikuwa ngeni kwetu. Adam Sandler ni kijana anayetamani kucheza hoki ya barafuni na hata kuteleza hajui. Siku moja anagundua kuwa anaweza kuupiga mpira wa gofu yadi 400. Anaingia mashindanoni kwa sababu moja tu: nyanya yake anadaiwa kodi ya dola 270,000 na nyumba inachukuliwa. Anavaa jezi ya hoki palipojaa fulana za kola. Anatukana. Anapigana na mtangazaji mzee, Bob Barker, na anachapwa. Na mfuko wake anampa Otto, mtu asiye na makao. Hapo mjomba alisimama kibandani, watu wakampigia kelele akae asizibe televisheni. Kwa wiki nzima aliniuliza, "Lakini uliona alivyompa mfuko?"

Sasa tazama walivyomfanya mtu huyo. Mwanzoni tu, Virginia, mke wake, anauawa na mpira aliopiga Happy mwenyewe. Virginia ndiye aliyekuwa na akili kuliko wote katika filamu ya kwanza. Hapa anafutwa ili mumewe apate sababu ya kulewa. Sawa, nikameza. Happy analewa, anapoteza nyumba ya nyanya, anafanya kazi dukani. Binti yake anataka kwenda Paris kusomea baleti na karo haishikiki. (Binti huyo ni Sunny Sandler, mtoto wa Sandler mwenyewe, lakini tuyaache hayo.) Mzazi yeyote aliyewahi kufika shuleni na nusu ya karo mfukoni anaijua hadithi hii. Nikakaa vizuri. Nikangoja lango.

Lango halikuja. Wakubwa wa gofu, Rory McIlroy, Scottie Scheffler na wengine, wanajiigiza wenyewe na wako upande wake. Adui ni tajiri mmoja kijana, Frank Manatee, aliyeanzisha ligi iitwayo Maxi Golf: kelele, muziki, haraka haraka, wachezaji waliopasuliwa nyonga ili wapige mbali zaidi. Anamfuata Happy kwanza, akitaka wajiunge. Happy anakataa, na kuanzia hapo yeye, mwenye jezi na matusi, ndiye mtetezi wa heshima ya gofu. Baadaye pembeni yake anasimama Shooter McGavin, yule yule aliyeinunua nyumba ya nyanya mnadani.

Yaani kelele, watu wasio na adabu, mashabiki wasiojua kunyamaza: yote aliyoshutumiwa Happy mwaka 1996 ndiyo sasa tunayoombwa tuyazomee. Na katika kikosi cha watetezi wamo Bryson DeChambeau na Brooks Koepka, ambao filamu ikitengenezwa walikuwa wakichezea LIV, ligi ya muziki wa juu na pesa za Saudi Arabia. Filamu inalijua hilo. Inatukonyeza, inasonga mbele.

Halafu makaburi. Bob Barker alifariki 2023, na Carl Weathers, aliyekuwa Chubbs, mwalimu wa mkono mmoja, alifariki Februari 2024. Filamu inawapeleka Happy na Shooter makaburini wapigane katikati ya mawe yenye majina ya wahusika wa zamani. Kuna watakaosema ni heshima. Mimi niliona mtu anayenisomea majina ya marehemu wangu huku akingoja nipige makofi. Na kila kichekesho cha zamani kikikaribia, tunarushiwa kipande cha filamu ya 1996, tusije tukasahau. Sijasahau! Nilikuja kwa sababu sijasahau, na mnanilisha tena nilichokuja nacho.

Niseme haki: kuna Oscar. Bad Bunny anamwigiza kijana wa kuondoa vyombo mezani katika klabu, anayefukuzwa kazi, kisha anabeba mfuko wa Happy. Anachekesha, ana aibu, na macho yake yanautazama uwanja kama ya mtu aliyezoea kuuona kupitia dirisha la jikoni. Kila alipotokea niliiona ile filamu niliyoipenda. Lakini kila mara kamera ilimkimbia ikamfuata mtu mashuhuri mwingine.

Jumapili iliyofuata nilimpelekea mjomba kompyuta. Amezeeka, na bega la kushoto limeshuka kuliko la kulia. Waliposimama wachezaji mashuhuri mstari mmoja akaniuliza ni akina nani, nikamtajia, akaitikia tu. Oscar alipouchukua mfuko, akausogeza uso karibu na skrini.

"Mshipi ameuweka vibaya," akasema. "Utamkata."

Tukatazama. Baada ya muda akauliza, "Na huyu, fimbo watampa lini?"

Sikumjibu. Kwenye skrini kulikuwa na mtu mwingine maarufu. Mjomba alisubiri kidogo, akaniomba nipunguze sauti, akaenda kutazama maji ya chai.