Tumewacheka Mabosi wa Sony, na Makarani Je?

Makamanda, najua wengi mlitegemea nifungue mwaka 2015 na Escrow. Nitaigusa, lakini leo kwanza nina neno na wale ndugu zangu wa grupu la WhatsApp ambao tangu Desemba wamenijazia simu vichekesho vya Sony na Korea Kaskazini mpaka bando likakata.

Na mimi nilicheka, sitajifanya mtakatifu. Kwa wale waliokuwa kijijini kwenye sikukuu, kisa chenyewe ni hiki. Jumatatu ya Novemba 24, wafanyakazi wa Sony Pictures, kampuni ya filamu iliyopo Culver City kule California, waliwasha kompyuta wakakuta picha ya mifupa mekundu na vitisho vya watu wanaojiita Guardians of Peace, yaani Walinzi wa Amani. Data zikafutwa, mtandao wa ofisi ukazimwa. Kampuni kubwa namna ile ikarudi kwenye kalamu, karatasi na faksi. Kisha vitu vikaanza kumwagwa mtandaoni: filamu ambazo hazijatoka, kama Annie, mishahara, mikataba, na barua pepe za wakubwa kwa maelfu.

Sasa hapo utaachaje kucheka? Kampuni inayotengeneza filamu za majasusi imekutwa na folda imeandikwa "Password", ndani yake yamejaa maneno ya siri. Obama naye akasimama mbele ya waandishi Desemba 19 kuzungumzia jambo zito, akamwita James Franco "James Flacco". Siku chache baadaye intaneti ya Korea Kaskazini ikazimika, na mtu akatuma kwenye grupu: "Waulizeni kama wamenunua luku." Hiyo nilicheka peke yangu kwenye daladala, watu wakaniangalia.

Kuna ambazo sikucheka. Amy Pascal, aliyekuwa bosi wa studio, na mtayarishaji Scott Rudin walikuwa wanaandikiana wakitania ni filamu gani Obama atazipenda, na kila waliyoitaja ilikuwa ya watu weusi. Wameomba radhi wote wawili. Lakini ndiyo ujue watu wanaozungumza maendeleo jukwaani huzungumza nini wakibaki wenyewe.

Halafu kila mtu akawa mpelelezi. FBI ilitangaza Desemba 19 kwamba ni serikali ya Korea Kaskazini, kwa sababu virusi vilivyotumika vinafanana na vile vilivyoshambulia mabenki na vituo vya televisheni vya Korea Kusini Machi 2013. Sababu inayotajwa ni The Interview, filamu ya kuchekesha ya waandishi wawili wanaotumwa na CIA kumuua Kim Jong-un. Korea Kaskazini ikakana, ikataka uchunguzi wa pamoja. Wabishi nao wana hoja: ujumbe wa kwanza kwa mabosi, siku chache kabla ya Novemba 24, ulidai pesa, haukutaja filamu yoyote. Kampuni ya usalama wa mitandao iliyoitwa Norse ilisema kuna mkono wa mtu aliyewahi kufanya kazi humo humo ndani. Januari 2, 2015, Obama aliweka vikwazo vipya.

Kwenye grupu letu tumegawanyika kama Simba na Yanga. Kaka mmoja ameapa ni Sony wenyewe, wanatangaza filamu. Nikamkumbusha, kwa heshima, kifungu cha 110 cha Sheria ya Ushahidi: anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Hata FBI wana mzigo huo, na karatasi yao ya Desemba 19 ni fupi mno kwa tuhuma nzito hivyo. Akanijibu kwa kikaragosi kinacholia machozi ya kicheko. Sawa.

Ila wakati tunabishana nani kafanya, sikuona hata mmoja wetu akiuliza amefanyiwa nani. Jibu letu la haraka ni "Sony", au "mabepari". Hebu tuangalie kilichokuwemo kwenye yale mafaili. Namba za hifadhi ya jamii zaidi ya 47,000. Kule Marekani namba ile ndiyo mlango wa maisha yako: mtu akiwa nayo na tarehe yako ya kuzaliwa anaweza kukopa kwa jina lako. Nyota wa filamu wamo, Stallone yumo, lakini nyota hawafiki 47,000. Waliobaki ni wahasibu, mafundi wa taa, makarani, watu waliofanya kazi pale miaka ya nyuma wakaondoka na kusahau kwamba faili lao limebaki kabatini. Kulikuwa na barua ya ofisi ya utumishi kuhusu matibabu ya mtoto wa mfanyakazi, ugonjwa wake na tiba yake vimeandikwa. Mtoto! Alimkosea nini Kim Jong-un?

Sony iliwapa wafanyakazi mwaka mmoja wa huduma ya kuangalia kama utambulisho wao unatumiwa vibaya. Mwaka mmoja, kwa namba ambayo mtu hukaa nayo mpaka kaburini. Na mwanasheria wao David Boies, jina kubwa kweli, aliandikia vyombo vya habari kuvitaka viache kutumia nyaraka hizo na viziharibu. Baadhi ya waliokuwa wafanyakazi walifungua kesi mahakama ya shirikisho California katikati ya Desemba 2014. Hoja yao ilikuwa rahisi: mlijua hatari ipo, akaunti milioni 77 za PlayStation ziliguswa mwaka 2011, mbona hamkulinda zetu? Kesi hiyo niliifuatilia kuliko filamu yenyewe.

Nitasema kwa nini inanigusa. Nikiwa mwaka wa kwanza, chuoni kwetu walibandika ukutani orodha ya waliopata mkopo, majina kamili na asilimia ya kila mmoja. Rafiki yangu wa chumba kimoja alikuwa kwenye asilimia mia. Sisi tuliona kabahatika. Kufika jioni wavulana walishampa jina, "Mia kwa Mia", kwa sababu kupata mia maana yake kwenu hakuna kitu. Bumu likitoka wanamwimbia. Alicheka nao wiki mbili. Ya tatu akaanza kwenda kula saa nane, ukumbi ukiwa umebaki mtupu. Aliyebandika ile karatasi hakuwa mdukuzi, alikuwa na pini na ubao wa matangazo tu. Na mimi, naandika hapa kwa aibu, jina lile nililitumia mara moja.

Nilipoyasema haya kwenye grupu, kamanda mmoja akanirudi vizuri: "Dada, acha unafiki. Sisi tunaishi kwa nyaraka zilizovuja. Escrow tungeijuaje?" Swali zuri, limeninyima usingizi. Ripoti ya PAC ilisomwa bungeni Novemba 26, siku mbili tu baada ya kompyuta za Sony kuzimika, na humo tukaona nani alilipwa nini kutoka kwenye fedha zile. Tukaimba "hela ya mboga" nchi nzima. Mbona hapo sikulalamika kuhusu faragha ya akaunti za watu?

Kwa sababu zile zinadaiwa kuwa fedha za umma, na waliozipokea walikuwa wameshika ofisi zetu. Kiongozi akipokea fedha kwenye jambo lenye maslahi ya nchi, karatasi ile ni yangu na yako. Ugonjwa wa mtoto wa karani si wangu. Si suala la imevuja au haijavuja, ni inamhusu nani na inafichua nini.

Na nikiri kwamba mpaka huo haunyooki kama rula. Kutokana na uvujaji huu huu wa Sony tumejua kwamba kwenye American Hustle Jennifer Lawrence na Amy Adams walipangiwa asilimia 7 ya faida wakati wanaume wenzao walipata 9. Tumejua pia kwamba kati ya watu 17 waliolipwa dola milioni moja au zaidi pale, mwanamke alikuwa mmoja. Mimi kama msichana ninayejiandaa kuomba kazi, nimefurahi kuzijua namba hizo, na njia iliyozileta ni wizi. Mwandishi aliyezichambua akaacha namba za makarani zilipo amefanya kazi ya uandishi. Aliyeturushia sisi kiungo cha kupakua furushi zima amefanya nini?

Mwaka 2015 kwetu hapa hakukuwa na sheria mahsusi ya kulinda taarifa binafsi. Tulikuwa na ibara ya 16 ya Katiba, inayotaja heshima kwa mtu na hifadhi ya maisha yake binafsi, basi. Laini zetu zote zimesajiliwa kwa majina tangu sheria ya 2010. Desemba 2014 Tume ya Uchaguzi ilijaribu BVR Kawe, Kilombero na Mlele, na mwaka 2015 ulikuwa wa kupanga foleni kutoa picha na alama za vidole. Tulipiga kelele kuhusu mashine chache na siku chache, na ilikuwa haki yetu. Hivi kuna aliyeuliza alama zile zinahifadhiwa wapi, na nani ana ufunguo? Neno la siri ukilibadilisha limebadilika. Kidole utakibadilishaje?

Kabla hatujawauliza Tume tuanze nyumbani. Orodha ya wanachama wa tawi letu, majina, namba za simu na mtaa wa kila mtu, ipo kwenye grupu la watu 94, imepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Wengine humo ni walimu wa serikali ambao hawajawaambia hata wakuu wao wa shule kwamba wana kadi yetu. Na 2015 ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Hatuhitaji mdukuzi kutoka Pyongyang, anatosha mtu mmoja aliyekasirika kwenye kura za maoni.

Nimeongea na katibu wa tawi. Amekubali kufuta zile picha Jumamosi na kila mtu afute kwenye simu yake, daftari libaki moja, ofisini. Nitakuwepo kuhakikisha. Skrinshoti ya mishahara ya Sony nimeshaifuta, na aliyenitumia ananiita mwanasheria wa mabepari mpaka leo.