ChatGPT Si Kadhi



Tuambiane ukweli. Siku hizi kabla mtu hajafika kwa kadhi au wakili, ashauliza ChatGPT. Kaloleni, Manyatta, hadi Kendu Bay, simu iko mkononi na maswali ni yale yale: baba amefariki, nani anapata nini? Mume ametuma talaka kwa WhatsApp, imepita? Watoto watakaa na nani?

Kuuliza si kosa. Wakili ni pesa, na wengi wetu hatuna. Kosa ni kuchukua jibu la mashine, kuliprinti pale saiba na kulipeleka kortini vile lilivyo.

Chukua mfano huu. Mzee Mwislamu amefariki. Ameacha mke, mama mzazi, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, wote Waislamu. Gharama za mazishi, madeni na wasia vikishatolewa, mke anapata thumni (1/8), mama sudusi (1/6), kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike. Mali ikiwa mafungu 96: mke 12, mama 16, mwana 34, na kila binti 17.

Sasa uliza mashine mirathi inagawanywaje Kenya, usahau kusema marehemu alikuwa Mwislamu. Inaweza kukujibu kwa Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Humo, marehemu akiacha mke na watoto, mama yake hatajwi kwenye mgao. Yaani bibi yenu ametoka mikono mitupu, na jibu limepangwa vizuri mpaka hakuna anayelitilia shaka. Ilhali kifungu cha 2(3) cha sheria hiyo hiyo kinasema mali ya Mwislamu irithiwe kwa sheria ya Kiislamu.

Mashine pia huzua. Mwaka 2023 kule New York, mawakili wawili na kampuni yao walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka kortini kesi zilizotungwa na ChatGPT. Mwaka 2024 huko Melbourne, Australia, wakili alimkabidhi jaji wa kesi ya familia orodha ya kesi ambazo hazipo duniani. Hao ni watu waliosomea sheria. Je, mimi na wewe?

Na sheria hubadilika. Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua kuhusu urithi wa watoto wa baba Mwislamu waliozaliwa nje ya ndoa. Uukubali uamuzi huo au uupinge, programu iliyofunzwa kabla ya hapo inaweza kukujibu kana kwamba haukutolewa.

Basi tuitumie vipi? Ikusaidie kupanga matukio kwa tarehe, kukufafanulia maneno magumu ya hati, na kuandaa maswali ya kumuuliza kadhi. Ikitaja kesi, itafute kwenye tovuti ya Kenya Law, ni bure. Ikitaja aya, fungua msahafu. Usipoiona, ifute.

Siri za watu usiziingize humo. Jina, nambari ya kitambulisho, shule ya mtoto, ugomvi wa chumbani, hizo ni amana. Wewe unayejitolea kuwasaidia akina mama na kesi zao, kumbuka pia kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Jambo jingine: huku kwetu ziwani, nyumba moja ina Waislamu na Wakristo. Kifungu cha 170 cha Katiba kinampa kadhi kesi za hadhi ya kibinafsi, ndoa, talaka na urithi, pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele yake. Mashine haiwajui watu wa nyumba yenu. Hilo liulizeni mwanzo kabisa.

Na ukiwa na wakili, muulize wazi: umetumia AI kwenye kesi yangu? Nani amekagua? Hiyo ni haki yako, wala si utovu wa adabu.

ChatGPT ikikosea haiitwi kortini. Utakayesimama mbele ya kadhi ni wewe, na atakayekosa fungu lake ni bibi ambaye hata simu ya kubofya hana. Mwenye kesi na hajui aanzie wapi, apite kwanza Mahakama ya Kadhi hapa Kisumu aulize, ndipo aandike.