Msituharakishe Kukubali Kushindwa

Kila uchaguzi ukiisha, hapa Salamabila, mkoani Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kama kwingine kunakosemwa Kiswahili, hakosekani mtu wa kumwambia aliyeshindwa: "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Watu huitikia kwa vichwa kana kwamba mzee amenena. Mimi nasema ni ukatili.

Msemo huo unafaa uwanja wa mpira, na ungebaki huko huko. Timu iliyofungwa leo itacheza tena wiki ijayo. Aliyepanga foleni kupiga kura kwetu hakuwa mchezoni. Alitaka barabara ya Kasongo ipitike masika, wapiganaji wa Mai-Mai waache kuteka watu njiani, dhahabu ya mgodi wa Namoya iwaachie chochote waliozaliwa juu yake. Akishindwa, anaanza kungoja miaka mitano mingine. Mwacheni alie!

Kumbukeni Januari 2019. Tume ya uchaguzi, CENI, ilimtangaza Félix Tshisekedi mshindi wa urais kwa asilimia 38.57, Martin Fayulu 34.83, na Emmanuel Ramazani Shadary, mwana wa Maniema aliyewahi kuchaguliwa mbunge wa Kabambare, akawa wa tatu kwa 23.84. Waliomwona ndiye mlango wao wa Kinshasa walibaki na huzuni iliyochanganyika na aibu. Wa Fayulu walikuwa na donda jingine. Maaskofu Wakatoliki, waliotawanya waangalizi wapatao 40,000, walisema matokeo ya CENI hayalingani na waliyoyakusanya wao. Fayulu akaomba kura zihesabiwe upya; Mahakama ya Katiba ikamkatalia. Makundi haya mawili ya wafuasi, moja likihitaji muda na jingine likihitaji hesabu, yaliambiwa neno lile lile: kubali yaishe. Yaishe kwa nani?

Nitajibiwa kwamba hasira ikiachiwa humwaga damu, na Kenya watanitajia, ambako zaidi ya watu 1,100 waliuawa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Hofu hiyo siidharau. Hapa kwetu milio ya bunduki tunaijua. Lakini Kenya hiyo hiyo, mwaka 2017, Raila Odinga aligoma kukubali, akapeleka malalamiko Mahakama ya Juu, na tarehe 1 Septemba majaji wakaufuta uchaguzi wa rais. Angeusikiliza msemo wetu, kasoro zile zingezikwa pamoja na kura.

Wapo pia wanaoleta dini: Mungu ndiye hutoa utawala, kwa hiyo subiri, nyamaza. Waislamu wa Kasongo na Kabambare wanamjua Nabii Yaakubu, aliyemlilia Yusufu hadi macho yakaingia weupe, na hakuna sheikh aliyewahi kusema hakuwa na subira. Tena katikati ya kilio kile aliwatuma wanawe warudi wakamtafute Yusufu. Hakuwaambia wakubali.

Kwa hiyo wewe uliyeshinda, nenda kwa jirani yako aliyeshindwa, uketi, na msemo wako uuache nyumbani. Akitukana, vumilia; akizima redio, usimwashie. Siku atakayoinuka, asiulizwe kama amekubali. Sheria yetu inataka matokeo yabandikwe mbele ya kila kituo cha kupigia kura, na mashahidi wa vyama wapewe nakala. Aulizwe: shahidi wenu alipewa nakala yake? Iko wapi? Na iliyobandikwa mlangoni, ilisema ngapi?