Afya ya jamaa: Kunyonya mafuta ya tumbo, na kisha?

Siku hizi wamama na vijana wanazungumza sana juu ya operesheni ya kunyonya mafuta. Wanaona picha katika telefone: kushoto tumbo kubwa, kulia tumbo limekuwa bapa. Yale yanayopita katikati, picha haiyaonyeshi. Tuyatazame mwezi huu, kwa sababu mtu anayeuza shamba ao anayemaliza franka zote za machimbo kwa kwenda Kampala ao Nairobi anapashwa kujua ni nini ananunua.

Kazi yenyewe ni hii. Munganga anaingiza chini ya ngozi maji yenye dawa ya kuzuia maumivu. Kisha anapitisha mrija mwembamba wa chuma katika tundu ndogo, anausukuma huku na huku, na mashine inanyonya mafuta. Munganga Mfaransa Yves-Gérard Illouz ndiye aliyeeneza njia hii, kuanzia mwaka 1977.

Jambo la kwanza: haiko dawa ya unene. Kwa kawaida waganga hawapitishe lita 5 kwa mara moja. Hiyo ni robo tu ya bidoni ya manjano tunayochotea maji. Umbo la sehemu moja linabadilika, lakini kilo zinapunguka kidogo tu. Mafuta ya ndani kabisa, yanayozunguka matumbo na kusaidia kuleta ugonjwa wa sukari na tansio, mrija hauyagusi. Ngozi iliyolegea kisha kuzaa inaweza kulegea zaidi. Na mtu akirudilia kula na kunywa bia sawa vile zamani, ananenepa tena, mara nyingi mahali pengine.

Jambo la pili: ni kidonda. Hapa Ndosho tunajua vidonda. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2025, wakati wa mapigano ya Goma, Hospitali ya CBCA Ndosho ilipokea mamia ya majeruhi. Anayemchunga mgonjwa anajua: kazi ya kisu inaisha kwa saa chache, lakini mwili unaomba majuma na miezi kwa kujitengeneza. Operesheni ya urembo nayo inafuata sheria ileile.

Basi ungojee nini? Siku 2 ao 3 za kwanza, maji yenye damu yanatoka katika matundu, na mwili unauma sawa vile wa mtu aliyepigwa. Ngozi inageuka rangi. Majuma 2 ya kwanza, uvimbe unaweza kufanya tumbo lionekane kubwa kuliko mbele, na wengine wanalia wakifikiri wamedanganywa. Utavaa nguo ya kubana, mara nyingi kwa majuma 4 mpaka 6, hata joto likiwa kali. Ngozi inaweza kukaa na ganzi kwa miezi. Umbo la kweli linaonekana kisha miezi 3 mpaka 6. Kazi ya kukaa mezani inaweza kuanza kisha juma moja ao mbili. Kubeba mifuko ao kupiga nyundo machimboni kungoje majuma 4 mpaka 6. Mama, wakati huo nani atachota maji na kukubebea mtoto?

Jambo la tatu: kuna hatari ya kifo. Mwezi wa 10 mwaka 2024, mama mmoja alikufa mjini Nairobi kisha operesheni hii, na baraza la madaktari la Kenya likafunga kliniki ile. Damu inaweza kuganda katika mguu na kupanda mpaka mapafu. Mafuta nayo yanaweza kuingia katika damu. Mrija unaweza kutoboa utumbo. Kukaa muda mrefu katika basi ao ndege kunazidisha hatari ya damu kuganda, kwa hiyo usifunge safari ya Goma kesho yake. Mwombe munganga akuambie siku ya kusafiri, na akupe karatasi inayoandika yote aliyofanya.

Ukisikia pumzi inakatika, kifua kinauma, mguu mmoja umevimba na kuuma, homa, tumbo linalozidi kuuma, ao kizunguzungu cha kuanguka, usingoje asubuhi. Kimbia hospitali, na usiwafiche waganga operesheni uliyofanya. Haya inaua.

Mbele ya kulipa, uliza: Je, wewe ni munganga wa upasuaji huu, na karatasi yako iko wapi? Nani atachunga pumzi yangu nikilala? Kukiwa shida usiku, mutanipeleka wapi? Bei ni pamoja na dawa na kurudi kuonwa? Akikasirika kwa maswali haya, shika franka zako na utoke. Hata katika hospitali kubwa inayofanya kazi hii kwa utaratibu, uliza vilevile.

Na nyinyi wabwana, mujichunge na mzaha. Mama aliyezaa watoto watano hapashwi kuwa na tumbo la msichana, na neno moja la kumcheka mbele ya wageni linaweza kumpeleka kwa mtu asiye munganga. Mutembee pamoja jioni, mupunguze mafuta ya kukaanga, sukari na bia. Ni njia ya polepole, lakini inasaidia hata yale mafuta ya ndani, na shamba linabaki la watoto.